Waya Nao Ni Sehemu ya Sakiti

Kila mwaka wanafunzi wetu wa sekondari huandika Kanuni ya Ohm katika karatasi za mtihani bila kukosea hata neno. Wanajua ya kwamba mkondo wa umeme upitao katika kipitishi huwiana na volteji iliyopo kati ya ncha zake, maadam hali ya joto haibadiliki. Wanajua pia kuchora sakiti: betri huku, taa kule, na mistari miwili iliyonyooka ikiviunganisha. Ni juu ya mistari hiyo miwili kwamba nataka kusema leo. Katika daftari mistari hiyo haina ukinzani, haina urefu, haina unene, wala haina bei. Katika maisha ina vyote vinne. Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi aliyezoezwa kuuona waya kuwa si kitu amefundishwa nusu ya kanuni tu, na nusu aliyoikosa ndiyo hasa ambayo mvuvi, fundi na mkulima wanaihitaji.

Kabla sijawalaumu wengine, yafaa nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Marekani, katika jimbo la Minnesota, nilipanga chumba kwa mzee mmoja mstaafu aliyependa sana kuvua samaki. Wenyeji huliita jimbo lao Nchi ya Maziwa Elfu Kumi, na mashua ndogo za alumini ni nyingi huko kama zilivyo nyingi baiskeli katika vijiji vyetu. Mashua ya namna hiyo aghalabu huwa na mashine mbili. Ya kwanza ni injini ya petroli, ambayo hukaa tezi, na kazi yake ni kukifikisha chombo mahali pa kuvulia. Ya pili ni mota ndogo ya umeme ifungwayo omo. Hii huisukuma mashua polepole na kwa ukimya, ili mvuvi aweze kukokota mshipi wake, au ajizuie asichukuliwe na upepo, bila ya kuwashtua samaki. Mota ya aina hii ilibuniwa mwaka 1934 katika mji wa Fargo, North Dakota, na O. G. Schmidt, ambaye alichukua mota ya kuwashia injini ya gari la Ford, akaifungia mhimili na rafadha.

Mzee wangu alikuwa na mota ndogo iliyotumia ampea 30. Siku moja akanunua nyingine kubwa zaidi, ya volti 12, ambayo katika kasi yake ya mwisho hutumia ampea 50 hivi na kutoa msukumo wa karibu nyutoni 245. Mota alibadili, lakini nyaya hakubadili. Zilibaki zile zile za zamani, zenye eneo la mkato la milimita mraba 6, zikitoka kwenye betri iliyokuwa tezi na kupita chini ya ubao hadi omo, mwendo wa mita 6.

Mota mpya haikuwa na nguvu tuliyoitazamia. Mzee akailaumu betri, akanunua nyingine. Hali ikawa ile ile. Akailaumu mota, akairudisha dukani. Huko wakaipima, wakamwambia kuwa haina kasoro. Wakati huo mimi nilikuwa nikiwasimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika maabara ya umeme. Mara nne niliketi katika mashua ile hali mguu wangu umekanyaga nyaya zile, nikausikia uvuguvugu wake, nikadhani ni jua. Aliyetuonyesha kosa ni jirani mmoja, dereva wa lori, ambaye aliacha shule mapema. Aliinama, akaushika waya, kisha akauliza, "Waya huu ulifungwa kwa ajili ya mota ipi?"

Hesabu ambayo ningeweza kuifanya

Usiku ule nilichukua kalamu na karatasi. Hesabu yenyewe ni ya mwanafunzi wa sekondari. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na mkato wa milimita mraba 1 una ukinzani wa ohm 0.0172 katika joto la kawaida. Ukinzani huongezeka kwa kadiri urefu unavyoongezeka, na hupungua kwa kadiri mkato unavyopanuka.

Urefu je? Hapa ndipo wengi hukosea. Toka betri mpaka mota ni mita 6, lakini umeme hauishii kwenye mota; hauna budi kurudi kwenye betri kwa waya wa pili. Wahenga wetu wa pwani walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mkondo wa umeme nao hutii methali hiyo. Kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 12. Zidisha 12 kwa 0.0172, kisha gawanya kwa 6. Unapata ohm 0.0344.

Namba hii ni ndogo, na udogo wake ndio unaotudanganya. Katika sakiti ya balbu ya tochi, inayotumia sehemu ndogo tu ya ampea, mtu angeweza kuipuuza bila hasara. Lakini zidisha ohm 0.0344 kwa ampea 50, nawe utapata volti 1.72. Basi kati ya volti 12 zilizotoka kwenye betri, zilizofika kwenye mota ni kama 10.3 tu. Nguvu iliyopotea ni ampea 50 mara volti 1.72, yaani wati 86, ambazo ziligeuka joto chini ya mguu wangu. Mzee alikuwa akilipia umeme wa kuwapasha samaki moto.

Mwalimu makini atasema kwamba mota inapopata volti chache, mkondo nao hupungua kidogo, na kwa hiyo hesabu hii ni ya makadirio. Ni kweli. Lakini makadirio yanatosha kumwonyesha mtu penye kosa. Aidha, hasara katika maji ni kubwa kuliko inavyoonekana katika volti, kwa sababu msukumo wa rafadha hufuata mraba wa kasi yake. Rafadha ikipungukiwa na sehemu moja ya kumi ya kasi, msukumo hupungua kwa karibu sehemu moja ya tano.

Tiba ilikuwa rahisi. Waya wa milimita mraba 16 ungepunguza upotevu hadi volti 0.65, wa milimita mraba 25 hadi volti 0.41, nao ni wati 21 hivi badala ya 86. Baraza la viwango vya mashua la Marekani, American Boat and Yacht Council, lilikwisha kuweka kipimo: katika sakiti ambazo usalama wa chombo unazitegemea, upotevu usizidi asilimia 3, katika nyingine usizidi asilimia 10. Sisi tulikuwa na asilimia 14. Tulifunga waya wa milimita mraba 25, na mota ile ile, kwa betri ile ile ya kwanza iliyokuwa imetupwa bandani, ikafanya kazi kama ilivyoahidiwa.

Swali lililoniuma tangu siku ile si kwa nini mzee hakujua. Yeye hakusoma fizikia. Swali ni kwa nini mimi sikujua.

Mwanafunzi wa mwaloni

Nisingeiandika habari hii kama ingekuwa kisa cha mzee wa Minnesota tu, mtu anayevua kwa starehe na ambaye, mota ikizimika, atawasha injini ya petroli na kurudi nyumbani kula. Lakini kwetu mambo yanabadilika. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, ambao kwa miaka mingi walitegemea karabai za mafuta ya taa, wengi wao sasa hutumia taa za betri. Katika fukwe za ziwa hilo upande wa Kenya, mashua za uvuvi zimekwisha kuanza kufungwa mota za umeme mahali pa injini za petroli. Hili ni jambo jema. Hata hivyo, mvuvi huyu hana injini ya pili ya kumrudisha. Akipanga safari yake kwa kutazama ukubwa wa betri, na waya ukamnyang'anya sehemu ya saba ya umeme bila ya yeye kujua, basi atakosa sehemu hiyo wakati anapoihitaji mno, yaani wakati wa kurudi pwani upepo ukiwa umegeuka.

Katika mwalo mmoja wa ziwa hilo niliona mashua ambayo taa zake za mwisho zilififia. Mwenye chombo alikwisha kununua betri ya pili, kwa fedha ambazo zingemtosha kulipa karo ya mtoto. Nilipoutazama waya, niliona umeunganishwa mahali pawili kwa kusokotwa kwa mkono na kuzungushiwa utepe, na chini ya utepe shaba ilikuwa imegeuka kijani kwa kutu. Alikuwapo kijana wake wa kidato cha nne, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Nilimwomba anitajie Kanuni ya Ohm. Akaitaja vizuri kuliko ninavyoitaja mimi. Nikamwuliza, "Je, waya huu una ukinzani?" Akajibu bila kusita, "Hapana, mwalimu. Waya ni kipitishi."

Kijana huyo hakukosa akili, wala baba yake hakukosa bidii ya kumsomesha. Jibu lake ni jibu tulilompa sisi. Tumemfundisha kwamba vitu vyote ulimwenguni ni vipitishi au vihami, na tumechora mistari iliyonyooka ubaoni miaka minne mfululizo. Na mimi niliyemwuliza nilikwisha kutoa jibu lile lile kwa mguu wangu, miaka mingi iliyopita.

Mambo ambayo kitabu hayakitaji

Tuseme kiungo kimoja kilichopata kutu kina ukinzani wa ohm 0.02 tu. Kwa mkondo wa ampea 50, kiungo hicho hunyonya volti 1 na kutoa joto la wati 50. Hilo ni joto la chombo cha kulehemea kwa risasi, nalo limekusanyika mahali padogo kama ncha ya kidole, katika chombo cha mbao au cha fibaglasi, pengine karibu na dumu la petroli. Ndiyo maana katika vyombo vya majini hutumika waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, ambao haukatiki upesi kwa mtikisiko, na tena nyuzi hizo zikiwa zimepakwa bati ili chumvi na unyevu visiile shaba. Ndiyo maana pia viungo hubanwa kwa koleo maalumu, wala havisokotwi kwa vidole.

Jambo la pili ni fyuzi. Wanafunzi wengi hudhani kuwa fyuzi huilinda mota. Kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya. Betri ya gari au ya mashua ikigusanishwa ncha zake inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Volti 12 hazimuui mtu kwa kumgusa, na kwa sababu hiyo watu huzidharau. Lakini mamia ya ampea katika waya mwembamba huwasha moto katika sekunde chache. Fyuzi hufungwa karibu na betri, kwa kuwa kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

Jambo la tatu ni udanganyifu wa sokoni. Zipo nyaya ziuzwazo kwa jina la shaba ambazo ndani ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Waya kama huo una ukinzani wa kiasi cha mara moja na nusu kuliko wa shaba halisi yenye unene ule ule. Kuupima hakuhitaji maabara: kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni alumini iliyovishwa shaba. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, ni shaba iliyopakwa bati, na huo ndio ufaao. Darasa zima linaweza kulifanya jaribio hili katika dakika tano, na mwanafunzi atakayelipeleka nyumbani ataiokoa fedha ya baba yake.

Isidhaniwe kwamba nahimiza kila mtu anunue waya mnene kupita kiasi. Shaba ni ghali, na uzito katika mashua nao ni gharama. Katika mfano wetu, kutoka milimita mraba 6 kwenda 25 kuliokoa wati 65 hivi. Kutoka 25 kwenda 35 kungeokoa wati 6 tu. Ipo pia njia nyingine, nayo ni kuongeza volteji. Mota iliyoundwa kwa volti 24, ikiwa na nguvu ile ile, hutumia nusu ya mkondo. Na kwa kuwa joto hufuata mraba wa mkondo, kama alivyoonyesha James Joule mwaka 1841, upotevu katika waya ule ule hushuka mpaka robo. Ni hekima hiyo hiyo inayofanya umeme wa taifa usafirishwe kwa msongo wa kilovolti 220 au 400. Mwanafunzi akiielewa mashua, amekwisha kuielewa gridi ya taifa.

Ohm alikuwa mwalimu wa sekondari

Mara nyingi husikia walimu wenzangu wakisema kwamba mambo haya ni ya ufundi, si ya sayansi. Nawaomba wamkumbuke mwenye kanuni. Georg Simon Ohm alizaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani, akiwa mtoto wa fundi wa makufuli. Toka mwaka 1817 alikuwa mwalimu katika shule ya sekondari mjini Köln. Alichofanya ni kuchukua nyaya za urefu mbalimbali na unene mbalimbali, akazipitishia umeme, akapima, akaandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827, na kwa muda wa miaka mingi wenye vyeo katika elimu ya nchi yake hawakukithamini. Heshima kubwa ya kwanza ilimfikia kutoka London mwaka 1841, alipopewa nishani ya Copley.

Tazameni basi kinyume kilichotupata. Kanuni iliyozaliwa kwa kuuchunguza waya, tunaifundisha leo kana kwamba waya haupo.

Wengine husema kwamba shule hazina vifaa. Sipuuzi shida hiyo. Nimeziona maabara ambazo makabati yake yana vumbi tu. Lakini jaribio ninalolipendekeza halihitaji kabati. Azima betri ya gari au ya pikipiki yenye volti 12. Tafuta balbu ya taa ya mbele ya gari ya wati 55, waya wa kawaida wa milimita mraba 0.75 wenye mita 10 za kwenda na mita 10 za kurudi, fyuzi ya ampea 10, na kipima umeme kile ambacho mafundi wa redio hubeba mfukoni. Funga fyuzi karibu na betri. Kwanza unganisha balbu kwa nyaya fupi, mwanafunzi apime volti kwenye balbu. Kisha unganisha kwa nyaya ndefu, apime tena. Atakuta karibu volti 2 zimepotea, na macho yake yataona mwanga umefifia. Mwulize zimekwenda wapi. Mwache aweke ncha za kipimo mwanzo na mwisho wa waya ule ambao aliambiwa si kitu, azione volti hizo mwenyewe. Mwisho, azifunge nyaya mbili sambamba kila upande, na upotevu utashuka mpaka karibu volti 1.

Tahadhari ni chache lakini ni za lazima. Asivae pete wala bangili ya chuma. Asiweke koleo juu ya betri. Asiwashe moto karibu, kwa maana betri ikichajiwa hutoa haidrojeni. Na tindikali isiguswe.

Wapo pia wasemao kwamba mtihani hauulizi mambo haya. Hapo nakubali kwamba kosa ni letu sote, nasi wa vyuo vikuu tumo, kwani ni sisi tunaowafundisha watakaofundisha. Lakini mtungaji wa maswali anaweza kubadili jambo dogo tu. Badala ya kuandika "upuuze ukinzani wa nyaya", aandike, "Nyaya ni za shaba, zina mita 12 na mkato wa milimita mraba 6." Swali halitakuwa refu zaidi. Litakuwa la kweli zaidi.

Ndugu walimu, sidai mtaala mpya, wala kamati, wala fungu la fedha. Naomba kipindi kimoja cha dakika 80 katika mwaka, betri moja ya kuazima, na mita 40 za waya. Nanyi wanafunzi, mtakaporudi nyumbani likizo hii, mkikuta taa imefifia au mota imechoka, msikimbilie kumwambia mzazi anunue betri. Ushikeni kwanza waya kwa mkono. Ukiwa na uvuguvugu, mtajua penye kosa, nanyi mtakuwa mmelijua jambo ambalo mimi sikulijua nilipokuwa karibu kuitwa daktari wa fizikia.